Mzunguko Unakatikia Ofisini Kwetu

(Maneno haya niliyasema Morogoro, mbele ya wakuu wa idara, maafisa ugavi, maafisa afya na mazingira na watendaji wa kata. Waliokosa wameomba nakala. Nayaweka kama yalivyotoka, pamoja na utani wake. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani, wakuu wa idara na vitengo, watendaji wa kata, ndugu zangu nyote: itifaki imezingatiwa.

Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja atazame meza iliyo mbele yake. Unaona nini? Chupa ya maji. Wengine wana mbili, na ile ya kwanza imenywewa mafunda matatu ikasahauliwa. Tumekuja kuzungumzia uchumi mzunguko, hatujamaliza hata kutambulishana, na tayari tumejaza kiroba. Simlaumu mtu. Ziacheni zikae hapo, nitazirudia.

Mimi nimetumikia halmashauri kwa miaka thelathini na miwili. Nilianza karani wa stoo, nikastaafu nikiwa kwenye kitengo cha ununuzi na ugavi. Si profesa wa mazingira, na mkinibana kwa maswali ya hewa ukaa nitamwomba mtaalamu aliyekaa pale mbele anisaidie. Ninachokijua ni leja. Ninaijua hati ya mapokezi, ninaijua kasma, yaani kifungu cha fedha kwenye bajeti, ninajua kitu kinavyoingia serikalini kikiwa kipya na kinavyotoka. Au kinavyokataa kutoka.

Uchumi mzunguko ni nini? Kitu kitumike muda mrefu. Kikiharibika kitengenezwe. Kikishindikana, kigeuzwe malighafi ya kitu kingine. Na kinachooza kirudi shambani. Basi. Je, hilo ni geni kwetu? Nenda Gerezani, pale Kariakoo, uone chuma chakavu kinavyogeuka jiko. Nenda Kamukunji, Nairobi, ni nyundo hizo hizo. Tairi la lori likichoka linakuwa katambuga, na katambuga ile inamzika mwenye lori. Shati la mtumba linavaliwa na kaka, linashuka kwa mdogo wake, linamalizia kazi jikoni kama kitambaa cha kushikia sufuria. Mwananchi wetu hatupi kitu chenye thamani. Hana uwezo huo.

Kwa hiyo sikuja hapa kuwaambia tukaelimishe wananchi. Tumewaelimisha vya kutosha, na posho za semina tumekula. Nimekuja kusema jambo moja: mzunguko upo, unazunguka mtaani kila siku, na unapokatika, mara nyingi unakatikia ofisini kwetu. Unakatikia kwenye fomu. Unakatikia kwenye mkataba. Unakatikia kwenye kasma iliyoandikwa sifuri.

Nianze na madawati.

Mwaka mmoja, katika halmashauri ambayo sitaitaja jina kwa sababu wengine wao wamo humu ndani, nilikwenda kupokea madawati mapya katika shule moja ya msingi. Nikahesabu, nikagonga mbao, nikakagua kama rangi haijaficha nyufa. Nilipomaliza, mwalimu mkuu akanivuta kando. "Mzee, njoo uone na haya."

Nyuma ya darasa la nne, chini ya mwembe, kulikuwa na rundo la madawati lililofika usawa wa dirisha. Kuku alikuwa ametamia humo ndani, akatukodolea macho kana kwamba sisi ndio tumevamia ofisi yake. Nikavuta dawati moja. Fremu ya chuma, nzima. Pembe mbili zimeachia pale zilipochomelewa. Ubao wa kukalia umepasuka katikati. Dawati lile lilikuwa linadai ubao mmoja, bolti chache, na fundi wa kuchomelea asiyezidi robo saa.

Nikamuuliza: Mwalimu, kwa nini hamyatengenezi? Akanijibu jibu ambalo nimestaafu nalo: "Mzee, nikiomba madawati mapya, yanakuja. Nikiomba bolti, naambiwa hakuna kasma."

Nilirudi ofisini nimevimba. Nikafungua kitabu cha bajeti. Kasma ya kununua samani ipo, ina fedha. Kasma ya kukarabati samani, ndugu zangu, nayo ipo! Imeandikwa, ina namba yake, inapendeza. Mbele yake kuna sifuri. Mwaka uliotangulia, sifuri. Mwaka wa nyuma yake, sifuri. Na aliyekuwa anapitisha makisio ya kitengo kile ni nani? Ni huyu mnayemwona amesimama hapa.

Sasa, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shule ile kulikuwa na chuo cha ufundi cha VETA. Nilikwenda. Nikakuta vijana wa mwaka wa kwanza wanajifunza kuchomelea. Wanaunganisha vipande viwili vya chuma, mwalimu anakagua, kisha wanavikata ili kesho waviunganishe tena. Siku nzima, wanaunga na kukata, wanaunga na kukata. Huku kuna madawati yanamtafuta fundi, kule kuna mafundi wanatafuta chuma cha kufanyia mazoezi, na katikati yao imekaa serikali, imeshika muhuri.

Tulichofanya hakikuhitaji sheria mpya. Barua moja kwa mkuu wa chuo, fedha kidogo kwenye ile kasma mwaka uliofuata, na mbao. Madawati mengi yalirudi darasani. Yale ambayo kutu ilikuwa imekula miguu, yaliuzwa skrepa. Ningependa niwaambie kwamba utaratibu ule unaendelea hadi leo. Hauendelei. Mwaka wa tatu afisa elimu alihamishwa, aliyekuja hakukuta mahali popote palipoandikwa habari ile, na kasma ikarudi kwenye sifuri yake.

Mnakumbuka 2016, kampeni ya madawati nchi nzima? Kazi kubwa ilifanyika, watoto waliinuka kutoka sakafuni, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokesha wakihesabu. Nawauliza wakuu wa idara: dawati la 2016 leo liko wapi? Nani ana orodha? Kununua kuna sherehe. Kununua kuna mgeni rasmi. Katika utumishi wangu wote sijawahi kuona mgeni rasmi amealikwa kukata utepe wa dawati lililotengenezwa.

(Hapa ukumbi ulicheka. Mkurugenzi alicheka kidogo kuliko wengine.)

Niwapeleke yadi. Kila halmashauri ina yadi, na kila yadi ina Land Cruiser lake. Lile la kwetu liliharibika injini. Siku ile linavutwa kuingia yadi lilikuwa na vioo vyote, viti, gia boksi nzuri, tairi nne na ya akiba. Fundi wa mjini alikuja wiki ile ile: wazee, niuzieni, nina gari lingine kama hili, nitatoa vipuri. Tukamwambia, kwa usahihi kabisa, kwamba mali ya umma haiuzwi hivyo. Kuna kamati ya kukagua, kuna kibali kutoka juu, kuna mnada wa hadhara. Taratibu hizo zina sababu yake, na mimi ndiye wa mwisho kuzidharau, maana nimeona magari mazima yakiitwa mabovu ili mkubwa fulani ayanunue.

Lakini taratibu zilichukua miaka. Kila mwisho wa Juni tulikwenda kuhesabu mali, tukaandika: Land Cruiser moja, bovu. Mwaka uliofuata: Land Cruiser moja, bovu. Betri ikaondoka, hatujui kwa miguu gani. Tairi zikakauka zikapasuka. Mpapai ukaota pale palipokuwa na redieta, ukakua, na ukazaa. Nasema kweli, mlinzi alikuwa anakula mapapai ya serikali. Siku ya mnada ilipofika, dalali aliliuza kama chuma chakavu. Gari ambalo lingetoa vipuri kwa magari mengine matano lilipimwa kwa uzito, kama mabati.

Na leo hii, stoo zenu zina nini? Kompyuta. Printa. Betri za sola zilizokufa. Toka 2021 tuna kanuni za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na bado ukifungua chumba cha mwisho cha korido unakutana na vioo vya kompyuta vimepangwa hadi darini, vina namba za rangi nyeupe ubavuni. Wenzetu Rwanda walijenga kituo cha kubomoa na kurejeleza vifaa hivi kule Bugesera, serikali ikashirikiana na mwendeshaji binafsi. Sisi hatuna haja ya kuanza na kituo. Tuanze na kalenda: mali ikitangazwa mbovu, ndani ya siku kadhaa iwe imeamuliwa. Siku ngapi, mtapanga wenyewe. Ila ziandikwe.

Sasa nije kwenye taka, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nitajisema.

Kulikuwa na mama mmoja, mzoa taka kwenye kikundi cha mtaa. Anasukuma mkokoteni, anapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na desturi ya kusimama pembeni mwa barabara kabla ya kufika kwenye kizimba, anachambua: chupa za plastiki kiroba hiki, makopo kiroba kile, maboksi anayakunja anayafunga kamba. Zile chupa ndizo zilikuwa ada ya shule ya wanawe, maana ada ya taka wananchi wanalipa wakipenda. Siku moja mgambo wakamkamata. Kosa lake? Sheria ndogo ya usafi inakataza kuchambua taka mahali pa wazi. Akatozwa faini, na viroba vikapakiwa kwenye lori, vikapelekwa dampo.

Mkakati wa halmashauri ile ile, kitabu kizuri chenye picha za rangi, ulikuwa unasema lengo namba fulani: kuongeza urejelezaji wa taka. Kitabu kinasema ongeza. Sheria ndogo inasema kamata. Na kikao kilichojadili ile rasimu ya sheria ndogo, mimi nilikuwepo. Nilisaini mahudhurio. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: je, anayechambua taka ni mchafuzi au ni mtumishi wetu tusiyemlipa?

Tena angalieni mikataba yetu ya kuzoa taka. Mkandarasi tunamlipa kwa kitu gani? Tunahesabu tripu za dampo. Lori likiingia dampo mara tatu ni bora kuliko mara mbili. Sasa mtu unayemlipa kwa kupeleka taka dampo, kwa nini apunguze taka za kupeleka? Tumemwajiri ajaze shimo, halafu tunashangaa shimo linajaa! Dandora ya Nairobi ilianza kupokea taka miaka ya 1970, 2001 ikatangazwa kwamba imejaa, na malori hayajaacha kuingia. Shimo la taka halijui kusema limeshiba.

Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni za kuoza: maganda ya ndizi, ya mihogo, ugali uliolala, majani ya soko. Kenya, kwa sheria yao ya usimamizi wa taka ya 2022, wameagiza kila taasisi, ya umma na ya binafsi, itenganishe zinazooza na zisizooza. Utekelezaji wao una safari ndefu, ukienda utaona, lakini wameanza kwa kujiwajibisha wenyewe serikali. Hapo ndipo pa kuanzia. Unamwambiaje mama ntilie awe na ndoo mbili, wakati ofisi ya mtendaji ina pipa moja na limetoboka?

Wa rika langu watakumbuka jambo hili. Ulitumwa soda dukani kwa Mangi. Swali la kwanza la Mangi halikuwa "soda gani?" Lilikuwa "chupa unayo?" Huna chupa, uache hela ya chupa, au uinywe pale pale umesimama huku akikutazama. Mtoto aliyevunja chupa njiani alijua jioni ile ataongea na mkanda. Mliwahi kuona kampeni ya kuhamasisha wananchi warudishe chupa za soda? Bango? Bonanza? Mimi sijawahi. Chupa ilikuwa na bei, na aliyeitengeneza alikuwa anaitaka irudi. Basi ikarudi.

Halafu ikaja ya plastiki. Kiwanda kikapumzika kukusanya kreti, kikapumzika kuosha chupa. Nani alichukua kazi ile? Ni sisi. Lori letu, dizeli yetu, dampo letu, na mitaro yetu inayoziba masika. Gharama ilihama kutoka kwenye vitabu vya kiwanda ikaingia kwenye bajeti ya halmashauri, na hakuna kikao hata kimoja kilichokaa kuijadili. Hiyo ndiyo hoja ya wajibu wa mzalishaji, ambayo Kenya wameitungia kanuni mwaka 2024: anayeingiza sokoni kifungashio achangie kukitoa mtaani. Hilo ni la Bunge na wizara, halmashauri haiwezi peke yake. Lakini nani atalipeleka juu, kama anayelipa dizeli hajawahi hata kupiga hesabu ya chupa?

Msiniambie serikali haina nguvu. Tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa rambo ulipigwa marufuku. Rwanda walitangulia 2008, Kenya 2017. Kwetu ukikutwa nao tu, faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000. Mfuko ulioshinda hotuba zote za mazingira ulitoweka sokoni kwa muda mfupi. Ila baadaye kidogo tukaona vifuko vya plastiki vya kufungia karanga vinabebea nyanya na dagaa, ikabidi 2021 Serikali itoe tamko jingine. Katazo linajua kusema acha hiki. Linapokuwa halina jibu la "nibebe nini?", muuza nyanya anajijibu mwenyewe.

Na jibu la "nibebe nini", "ninunue nini", tunalo sisi wanunuzi. Serikali ndiyo mteja mkubwa kuliko wote katika wilaya. Kinondoni kuna kiwanda cha mboji pale Mabwepande, tunda la urafiki wa Dar es Salaam na jiji la Hamburg ulioanza 2010, kimejengwa kuchakata hadi tani 50 za taka za kuoza kwa siku. Ni jambo jema. Lakini mboji inataka mnunuzi kama nyanya inavyotaka mnunuzi. Bustani ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, miti ya kando ya barabara, shamba la shule: samadi yake mnanunua wapi?

Au chukueni vijana wanaotengeneza tofali za kutandaza chini kwa plastiki na mchanga. Nimeziona, nimezikanyaga, kuna nzuri na kuna za hovyo. Halmashauri inawapa mkopo kwenye ile asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sheria inatenga asilimia thelathini ya ununuzi kwa makundi maalumu. Vizuri sana. Kisha inatangazwa zabuni ya kutandaza stendi, na maelezo yanasema: tofali za saruji. Zamani tungesema kijana ametolewa kabla bahasha haijafunguliwa. Siku hizi hakuna bahasha, kuna NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, anatolewa na mashine. Mkono mmoja umempa mkopo, mkono wa pili umemfungia soko, na mwezi wa sita tunamwandikia barua kwamba hajarejesha.

Maafisa ugavi wenzangu, hapa nawaomba sana. Andikeni tofali libebe uzito gani. Andikeni listahimili maji na jua kwa muda gani. Likapimwe. Likishindwa, lirudi kwa mwenyewe. Lakini msiandike limetengenezwa kwa nini kama hamna sababu. Na lile neno tunalolibandika kila mahali, "kipya kisichotumika", mlitazame upya. Kwenye sindano ya hospitali liacheni. Kwenye kabati la faili, linafanya nini?

Muda wangu umekwisha, naona Mwenyekiti anatazama saa kwa adabu. Nimewaletea kazi moja tu. Ijumaa hii, kila idara ilete karatasi moja: fomu, mkataba, au kifungu cha sheria ndogo, ambacho wewe mwenyewe unajua kinakata mzunguko. Moja tu. Nimezungumza na Mkurugenzi, amekubali menejimenti ikae nazo. Mimi nilikata kwa sifuri za kasma na kwa saini ya mahudhurio, kwa hiyo msione haya, hamtanizidi.

Na sasa zile chupa. Asubuhi niliuliza kwa nini hakuna majagi na glasi. Nikaambiwa oda ya chakula na vinywaji imeandika "maji ya chupa, nusu lita, mbili kwa kila mshiriki". Aliyeiandika yumo humu, tumeshasalimiana, na ameniahidi oda ijayo itaandika tofauti.

Hizi za leo zimeshanunuliwa. Mkitoka, piteni mlango wa nyuma. Kuna mama amekaa kivulini na viroba viwili. Chupa kiroba cha kushoto, vizibo kiroba cha kulia, maana ni plastiki tofauti na zina bei tofauti, yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Maji yaliyobaki mwagieni maua. Na kama kuna mgambo humu ndani, ndugu yangu, leo mpishe.

Asanteni kwa kunisikiliza.